Moshi wa Misonobari

Maiti ilikuwa chali, katikati ya weusi.

Mlima wote upande ule wa Conghua, nje ya jiji la Guangzhou, ulikuwa umeungua, kuanzia barabara ya vumbi chini hadi kwenye mawe ya kileleni. Misonobari ilisimama na vigogo vilivyobabuka, vichwa vyake bado vya kijani. Moshi mwembamba ulitoka kwenye visiki kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Inspekta Mo Yulan alichuchumaa. Hakugusa kitu. Tabia hiyo aliitoa Kariakoo, alikokulia akimsaidia mama yake kuuza vitenge: kwanza macho, halafu mikono.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Chepkoech. Mkenya, mtafiti wa mimea," alijibu Sajini Guo. "Walinzi wa msitu waliuzima moto jana jioni, leo asubuhi wakamkuta. Ajali, Inspekta. Kazi ya hawa watu ni kuchoma nyasi. Mcheza na moto, moto humuunguza."

"Mwinueni. Polepole."

Wakamwinua. Chini ya mgongo wake nyasi zilikuwa nzima, kavu, za manjano, zimelala kwa umbo la mtu.

"Mtu anayekimbia moto huanguka kifudifudi, mikono mbele," alisema Mo. "Huyu alilala chali, mikono ubavuni, kama yuko kitandani kwake. Moto ulimkuta hapa. Haukumkimbiza."

Karibu na kichwa palikuwa na jiwe. Jiwe lilikuwa na doa ambalo moto ulishindwa kulificha.

Mkuu wa kazi pale mlimani alifika akihema. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, jina lake Théodore. Alipoiona maiti alikaa chini kwenye majivu na suruali yake safi.

"Wewe ndiye unayewasha moto hapa?" Mo alimuuliza kwa Kiswahili.

Théodore aliinua kichwa. Watu wote hushtuka wakisikia Kiswahili cha Kariakoo kikitoka kwenye uso ule wa Kichina. "Njo mimi. Lakini hatukuwasha. Tulikuwa tunangoja kibali, mama. Jana mimi nilikuwa bustani ya miche, huku Chepkoech anafyeka njia ya kuzuia moto."

"Nani alikuona bustanini?"

"Miche."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nilikuwa peke yangu."

"Kwa nini mnachoma mlima wa watu?"

"Sababu ulikuwa unakufa." Alichota majivu, akayaachia yapite vidoleni. "Zamani misonobari ilisimama mbalimbali, chini yake nyasi na maua. Moto mdogo ulipita, ukasafisha, ukaenda zake. Watu wakakataza moto kabisa. Vichaka vikaota, vikaziba jua, nyasi zikakosa pa kupumulia. Humu ardhini kuna mbegu haziamki mpaka zipate moshi. Hata mche wa msonobari huu, ukiwa mdogo utadhani ni fundo la nyasi. Unaficha moyo wake katikati ya majani, moto unapita juu."

"Na mwenye kazi yake angewasha wapi?"

"Juu. Moto ushuke taratibu, ukipingana na upepo. Huyu aliwasha chini, upepo ukausukuma. Angalia vigogo, vimeungua juu zaidi upande wa kilele. Huyu hakujua kitu."

"Au alijua, akajifanya hajui."

Théodore alikung'uta majivu mikononi.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa fupi. Jeraha nyuma ya kichwa, la kuzimia, si la kuua. Masizi kwenye koromeo na ndani ya mapafu.

"Kwa hiyo alikuwa akipumua?" Mo alimuuliza daktari.

"Alikuwa akipumua. Moto ndio uliomuua."

Guo hakungoja. Théodore akatiwa ndani siku hiyo hiyo. Alikuwa na utaalamu wa moto, hakuwa na shahidi, na marehemu alikuwa akishinda naye kutwa nzima. Wenye msitu nao wakasema mradi ufungwe, mlima upandwe miti ya kubanana kama zamani. Kwa kosa kama hilo, katika nchi ile, mtu huweza kupoteza kichwa. Guo alikuwa ameshaanza kuandika jalada.

Mo alikuwa akitazama kielelezo kimoja tu.

Maabara haikukuta dizeli pale moto ulipoanzia, ingawa tochi za kuchomea nyasi za Théodore hujazwa dizeli na petroli. Ilikuta punje nyeusi, ngumu, inayong'aa kama dengu, imeng'ang'ania shina la nyasi. Mo aliigeuza kwa kibanio. Akamkumbuka mama yake akivuta uzi kwenye kitenge, akiuwashia kiberiti mbele ya mteja mbishi. Pamba huacha jivu laini linalonuka karatasi. Poliesta huyeyuka, ikaacha punje.

Alishuka mahabusu.

"Watu wako huvaa nini wakiwa kazini?"

"Pamba tupu. Poliesta ikishika moto inagandamana na ngozi. Bibi yangu Nadège njo alitushonea ovaroli. Yeye ni mtu wa nguo. Kila kitambaa alikichoma uzi kwanza, akanusa."

"Na viatu?"

"Ngozi. Hakuna wa kwetu anapanda na nailoni, inspekta. Hata soksi."

"Mkeo ameshafika mlimani?"

"Nadège? Hapana." Théodore alitabasamu kwa uchungu. "Anauchukia ule mlima."

Neno hilo Mo alitoka nalo kituoni, akalibeba hadi mtaa wa Dengfeng, mkahawani kwa Njoki. Pale Waafrika wa Guangzhou hula, na habari huliwa kabla ya chakula.

"Afande wetu! Kaa. Leo kuna matumbo," alisema Njoki.

"Nadège ni rafiki yako?"

Njoki akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Tunajuana."

"Njoki."

"Ilikuwa mchezo tu, madam. Mzee wake aliingia hapa jioni moja, ananuka moshi wa kuni mpaka kwa nywele. Nikamwambia Nadège, hebu niambie, dadangu, hii Guangzhou yote tunapika na gesi na stima. Bwanako huo moshi anautoa kwa jiko la nani? Nani huko anamkorogea ugali kwa kuni? Watu wakacheka."

"Na yeye?"

"Akacheka kutushinda wote." Njoki aliacha kufuta. "Lakini sahani yake hakuigusa. Na kutoka siku hiyo kila mtu akipita karibu na Nadège, yeye anamnusa."

Nadège alikuwa mtaa wa Guangyuan Xilu, kwenye jengo la nguo za jumla, amezungukwa na marobota. Mwanamke mnene, mzuri, mwenye kitenge kirefu kilichofagia sakafu. Alikuwa akigombana na muuzaji kijana, mkono mmoja umeshika kiberiti cha gesi.

"Laoban, bosi, unanidanganya na mvi zangu hizi?" Alivuta uzi kwenye shati, akauwasha, akaupungia puani. "Hii pamba? Hii ni plastiki ya chupa ya maji! Peleka huko!"

Kijana alichukua shati lake akaondoka. Nadège akamsogelea Mo, akichechemea kidogo.

"Mama inspekta. Umemwachia bwana yangu?"

"Bado. Nimekuja kuomba pua yako." Mo aliweka ile punje mezani, ndani ya kimfuko cha wazi. "Hii ni nini?"

Nadège aliiinua kwenye mwanga. Macho yake yalifanya kazi kabla ya akili kuyazuia.

"Poliesta. Na kuna mpira ndani, ile ya kuvutika. Suruali ya kubana, ya wanawake, zinauzwa ghorofa ya chini kama karanga..."

Akairudisha punje mezani. Nje ya duka mchukuzi alipita akipiga kelele watu wapishe robota.

"Imetoka wapi?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mlimani. Pale kiberiti kilipowashwa. Watu wa Théodore hawavai poliesta, maana wewe mwenyewe uliwafundisha. Kwa hiyo aliyewasha hakuwa mtu wa moto."

"Guangzhou kuna wanawake milioni ngapi wanavaa hizo suruali?"

"Wengi. Wangapi wanachechemea mguu wa kulia?"

Nadège alishika ukingo wa meza.

"Mguu unaniuma kwa kusimama."

"Basi daktari wa kituo atautazama, akupe dawa."

Kituoni daktari alifungua bandeji. Kwenye shavu la mguu kitambaa kilikuwa kimeyeyuka ndani ya nyama, cheusi, kinang'aa. Kwa siku zote hizo alikuwa akiuguza mwenyewe kwa mafuta ya kupikia. Hospitali wangemuuliza.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na birika la maji ya moto. Mo alimmiminia.

"Una haki ya kunyamaza kuhusu kisichohusu kesi hii. Kinachohusu, sema kweli."

"Kwanza mtoe Théodore. Sikutaka wamkamate."

"Lakini ulimwacha."

"Nilisema, nitangoja siku moja. Halafu siku nyingine." Nadège aliizungusha bilauri. "Wewe umeolewa?"

"Utaniuliza baadaye. Sasa hivi jibu wewe."

"Mwanaume alikuwa ananuka mimi. Mais oui, ndiyo, nguo zangu, sabuni yangu. Halafu akaanza kunuka moshi. Nafua, hautoki. Analala, unatoka kwenye mto. Na anacheka peke yake! Miaka yote ya ndoa sikumwona anacheka peke yake. Namuuliza nini? Anasema nyasi. Nyasi gani inachekesha mtu?"

"Ukamfikiria Chepkoech."

"Ovaroli yake nilimpima mimi. Kiuno hiki hapa." Aliunganisha vidole vya mikono miwili, vikakaribia kugusana. "Nilipokuwa nashona nilijichoma sindano mara ngapi sijui."

"Siku ile ilikuwaje?"

"Nilipanda. Nilimkuta peke yake, ana reki. Nikamwambia, binti, niambie ukweli, bwana yangu unampikia wewe? Akacheka. Akasema, mama, hapa sisi wote tunanuka hivi. Akanyoosha mkono wake, akanisogezea hapa puani. Akasema, hebu ninuse na mimi."

"Ukanusa."

"Ni harufu ile ile, inspekta. Ile iliyo kwenye mto wangu." Machozi yalimtoka bila sauti. "Pua yangu haijanidanganya kwa kitambaa hata siku moja. Nikamsukuma kwa mikono yote miwili. Akaanguka, kichwa kikagonga jiwe. Nikamwita, hakuitika. Nikasema, amekufa. Nikashuka barabarani, nikatoa kiberiti changu cha kazi. Nikasema, huu mlima ufe pia. Upepo ukanigeukia kidogo, ukanilamba mguu."

Mo alingoja mpaka amalize maji. Kuna maneno ambayo askari hulazimika kuyasema, na hakuna njia nzuri ya kuyasema.

"Hakuwa amekufa, Nadège. Alikuwa amezimia."

Nadège alimtazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Kisha akauma ncha ya mtandio wake.

Théodore aliachiwa jioni hiyo. Hakuuliza ni nani. Alikuwa ameshaona jina kwenye uso wa Guo.

Desturi ya polisi wa kule ni kumrudisha mtuhumiwa mahali pa tukio, aonyeshe kwa mkono wake. Kwa ajili ya ule mguu walichelewa, na katikati zikanyesha mvua za kwanza. Walipopanda na Nadège, pingu mikononi, Mo alisimama njiani bila kutaka.

Mlima ulikuwa wa kijani. Nyasi mpya zilifika kwenye vifundo vya miguu. Katikati yake kulikuwa na maua madogo meupe ambayo hata walinzi wazee walisema hawajapata kuyaona hapo. Miche ya misonobari, ile inayofanana na mafundo ya nyasi, ilikuwa imechipua nywele mpya. Moto aliouleta kuua ulikuwa umefanya kazi ya Théodore.

Théodore mwenyewe alikuwepo, kando ya njia, na ovaroli ileile ya pamba.

"Kwa nini hukupanda na mimi hata siku moja nikuonyeshe?" alimuuliza mkewe.

"Hukuniita."

"Nilikuita, chérie. Ulisema viatu vitachafuka."

Nadège aliyatazama yale maua, moja moja, kama anayekagua mzigo wa mwenzake.

"Kwa hiyo njo haya yaliyokuwa yanakuchekesha."

"Njo haya."

"Bora angekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke ningeshindana naye."

"Onyesha ulipomwacha," Mo alimwambia kwa upole.

Nadège aliinua mikono yote miwili, maana pingu haziruhusu mmoja. Haikuwa na haja. Mlima mzima ulikuwa umechipua, isipokuwa kipande kimoja kando ya jiwe, ambacho moto haukukigusa. Pale nyasi zilikuwa bado za mwaka jana, kavu, za manjano, zimelala chali.