Daftari la Mvua

Kila asubuhi, kabla ya basi la saa moja, Unaisi alitakiwa kwenda uani, ainame penye uzio na kusoma maji yaliyoingia kwenye chupa. Ilikuwa chupa ya soda iliyokatwa shingo, na ubavuni baba yake alikuwa ameibandika rula. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika mbili. Nasema alitakiwa, kwa sababu kutakiwa ni jambo moja na kufanya ni jingine.

Unaisi alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya kimataifa mjini Suva. Watoto wa pale walitoka mataifa zaidi ya ishirini. Walisoma kwa Kiingereza, wakagombana kwa Kiingereza, na wakianguka wakachubuka magoti, kila mmoja alilia kwa lugha ya mama yake. Darasa la sita lilikuwa la mwisho kabla ya sekondari. Kila mwanafunzi alifanya uchunguzi wake kwa wiki sita, kisha akasimama mbele ya wazazi Siku ya Maonyesho na kuueleza. Mwalimu Hollis, mwanamke mrefu kutoka Nyuzilandi, alikuwa na sharti moja tu: kazi iwe yako.

Unaisi alichagua kupima mvua, na Suva mvua haitafutwi. Siku kumi na nne za mwanzo alipima bila kukosa. Kisha yakaja mashindano ya netiboli, na baada ya netiboli ukaja uvivu, ambao haukupiga hodi. Alipoinama tena penye uzio, siku kumi na tisa zilikuwa zimepita bila tarakimu hata moja.

Eparama, wa darasa hilohilo, naye alikuwa akipima mvua, ila nyumbani kwao Lami, upande wa pili wa mji. Mwalimu aliwaruhusu wote wawili ili mwishoni walinganishe. Tena hao wawili walikuwa watani. Kwao Eparama ni kisiwani Kadavu, na kwao Unaisi ni vijiji vya milimani. Wazee wao walitaniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana, kukupaka masizi, hata kukuvua kofia akaivaa yeye, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Ninyi wa milimani," Eparama alikuwa akisema, "mkiona wimbi mnapanda juu ya meza!"

"Na ninyi wa kisiwani mmekula samaki mpaka mnanuka magamba. Sogea huko, nisije nikakukaanga!"

Darasa zima lilicheka, hata wale ambao hawakuelewa.

Alhamisi, siku moja kabla ya kukusanya madaftari, Eparama alikwenda bombani kunywa maji akauacha mkoba wake wazi. Unaisi aliliona daftari la mvua likichungulia. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akalitoa na kulisukuma ndani ya sweta yake. "Si mtani wangu?" alijiambia. "Cha mtani ni changu." Jioni hiyo alinakili siku kumi na tisa, tarakimu kwa tarakimu. Asubuhi alimkuta Eparama amemwaga vitu vyake vyote sakafuni, akitafuta huku jasho likimtoka. Unaisi aliinama kumsaidia kutafuta, na alipopata nafasi akalichomeka daftari chini ya dawati. Eparama aliliona, akashusha pumzi.

"Asante, mtani," alisema.

Neno hilo lilimchoma Unaisi.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu Mwalimu Hollis aliwaita wote wawili, akayafunua madaftari kando kwa kando mezani.

"Wiki mbili za mwanzo hamlingani hata siku moja," alisema. "Hilo ni sawa, Lami kwa Eparama si Nabua kwa Unaisi. Halafu siku kumi na tisa mnalingana mpaka milimita ya mwisho. Kisha hamlingani tena. Nielezeni."

Unaisi alitazama viatu vyake. Eparama alimgeukia, na machoni pake Unaisi aliona kwamba sasa ameelewa kila kitu.

"Mwalimu, sisi ni watani," Eparama alisema polepole. "Changu ni chake, na chake ni changu."

"Yaani mlikubaliana?"

Eparama alilivuta daftari lake, akalifunga. Mwalimu alivua miwani, uso umejaa huzuni. "Basi kama hakuna maelezo mengine, hakuna kati yenu atakayesimama Siku ya Maonyesho. Nawapa mpaka Jumatano jioni."

Walipotoka nje, Unaisi alimshika mkono. "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Mtani hamshtaki mtani. Bibi yangu wa Kadavu akisikia nimekushtaki atanifukuza na fagio." Eparama alipiga teke kijiwe. "Anakuja na meli, kwa ajili yangu tu. Hajawahi kuona shule hii. Nimemwambia nitasimama mbele za watu nizungumze Kiingereza."

Siku mbili zilizofuata Unaisi hakula vizuri. Mara kumi alifika mlangoni kwa mwalimu, na mara kumi miguu ikamrudisha. Alijua wenzake watamwita mwizi, na mama yake, aliyejisifia maonyesho hayo ofisini kwao, ataona aibu. Alijua pia kwamba kila saa inayopita, ni Eparama anayelipa kosa asilolifanya. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huo haukuwa wa Eparama.

Jumatano baada ya kengele ya mwisho, mwanamke mnene mwenye mvi na kapu la magimbi alisimama langoni. Alikuwa Bibi Mereoni, ametoka bandarini moja kwa moja. Eparama alimkimbilia, kisha akamwonyesha Unaisi aliyekuwa amesimama kando na chapati ya viazi mkononi.

"Bibi, huyu ndiye yule wa milimani."

"Aha! Ndiyo maana nilisikia harufu ya moshi tangu baharini!" Bibi alimwendea, akampokonya ile chapati, akainyanyua juu watu wote waione. "Jamani, tazameni! Nimemnyang'anya mtani wangu!" Akaitia kinywani nusu nzima. Wazazi waliokuwa langoni wakacheka, na dereva wa basi akapiga honi.

Unaisi peke yake hakucheka. Alitaka kujibu utani, machozi yakamtoka.

"We mtoto, ni chapati tu," Bibi alisema kwa mshangao. "Nitakupa gimbi."

"Si chapati, Bibi." Na palepale, huku akilia kwikwi, alimsimulia yote: sweta, siku kumi na tisa, daftari chini ya dawati, na mjukuu wake aliyefunga mdomo.

Bibi alimaliza kutafuna. Hakumkemea.

"Mimi nilipochukua chapati yako, nilijificha?"

"Hapana, Bibi."

"Na wewe ulipochukua daftari?"

Unaisi aliinamisha kichwa. Hakuhitaji kuulizwa zaidi. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akatangulia kuelekea darasani. Bibi na Eparama walimfuata nyuma, kapu la magimbi likigonga kila nguzo ya varanda.

Mwalimu Hollis alikuwa akifuta ubao. Unaisi alisema bila kupumzika, kana kwamba akisimama hataanza tena. "Mwalimu, Eparama hakukubali chochote. Nililichukua daftari lake kwa siri. Siku kumi na tisa sikupima. Nilinakili."

Mwalimu aliweka kifutio chini, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi ambacho hakikuyatosha magoti yake. "Afadhali," alisema. "Afadhali sana. Eparama, niwie radhi. Kesho utasimama."

Eparama aliruka, akamkumbatia Bibi pamoja na kapu lake. Unaisi alihisi kifua kimefunguka. Alikuwa bado hajajua adhabu yake, lakini hewa iliingia mpaka chini kabisa.

"Na mimi, Mwalimu?"

"Na wewe utasimama, na kazi yako mwenyewe. Futa kila kisicho chako. Na leo jioni utamwambia mama yako kabla sijampigia simu."

Mama alikasirika, kisha akamtafutia kifutio.

Siku ya Maonyesho ukumbi ulijaa. Eparama alieleza mvua ya Lami kwa sauti kubwa, na Bibi Mereoni, asiyejua neno la Kiingereza, alipiga makofi kabla ya kila mtu. Meza ya Unaisi ilikuwa na wachache. Aliwaonyesha siku zake ishirini na tatu, na katikati yake mistari kumi na tisa mitupu yenye maneno mawili juu yake: *Sikupima. Uvivu.* Baadhi ya wageni walitabasamu.

Mwishoni Bibi alifika mezani, akamwita Eparama amsomee. Alipitisha kidole kwenye ile mistari mitupu, taratibu, mpaka wa mwisho.

"Sikiliza, mtani wangu," alisema. "Utani hufanywa mchana, watu wakiona. Ukichukua kwa kujificha, huo ni wizi, hata uuite jina gani zuri. Na kazi ni vivyo hivyo." Aliigonga mistari mitupu. "Kwa sababu umeniambia hapa hukupima, tarakimu hizi nyingine zote nimeziamini."

Kisha akaichukua kalamu ya Unaisi pale mezani, akainyanyua watu wote waione, akaondoka nayo.

Unaisi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.