Andiko Ambalo Bi Mwiko Hakuliandika

Mfuniko wa sufuria ya presha ulikuwa umetoboa dari na kunasa humo humo, mpini ukining'inia. Inspekta aliutazama kwa muda, kisha akashusha macho ukutani, ambako maharage yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye kizingiti. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Mwenye jiko, msichana fundi cherehani, alikuwa ameshakimbizwa hospitali, mikono yote miwili imeungua mpaka kwenye viwiko. Na kwa fundi cherehani mikono ndiyo duka, ndiyo akiba ya uzeeni. Simu yake ilibaki rafuni, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, ukurasa wa blogu ukiwa wazi.

Inspekta aliijua blogu hiyo. Nani asiyeijua? Bi Mwiko alianza kuiandika miaka tisa iliyopita kwa kujifurahisha tu, siku akijisikia, na watu walimpenda kwa sababu akiharibu chakula alikuwa anasema nimeharibu. Kisha yakaja matangazo. Nyuma ya matangazo ukaja mkataba: kila Jumatatu andiko jipya, na kila andiko na chombo chake cha kusifiwa. Hili la kwenye simu lilisifu sufuria ya presha, na sentensi moja Inspekta aliisoma mara mbili: "Jaza maharage na maji mpaka mdomoni, funga, nenda kapumzike."

Hospitalini msichana alisema maneno machache. "Nilifanya kama Bi Mwiko alivyosema, Afande. Sikuongeza, sikupunguza."

Jumatano saa tatu asubuhi Inspekta aliketi jikoni kwa Bi Mwiko. Mkubwa wake kazini alikuwa ameshaamua: kesho yake mwandishi wa blogu afikishwe mahakamani kwa kumjeruhi mtu kwa uzembe.

"Sikuandika mimi," alisema Bi Mwiko. Macho yalikuwa mekundu. "Jumatatu saa nane lilipotoka nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi."

"Daktari amethibitisha. Lakini mtu anaweza kuandika asubuhi na kupanga litoke saa nane."

"Basi nisomee hilo ninalosingiziwa, maana limefutwa kabla sijaliona."

Inspekta akasoma kutoka kwenye simu ya fundi. Alipofika kwenye maharage, Bi Mwiko aliweka glasi mezani kwa kishindo.

"Mpaka mdomoni? Maharage yakichemka yanatoa povu. Povu likikosa nafasi linaziba tundu la mvuke. Sufuria ile haijazwi kupita nusu! Hiyo haikuandikwa na mpishi."

"Mshukiwa yeyote angesema hivyo, mama."

"Angesema. Lakini tazama pale." Juu ya kabati palikuwa na boksi la sufuria ya presha, gundi ya kiwandani haijaguswa. "Hiyo ndiyo waliyoniletea. Niliwaambia siiandiki mpaka nipike nayo mwezi mzima. Ndivyo ninavyofanya siku zote, ndiyo maana wanagombana nami."

Inspekta aliligeuza boksi huku na huku. Moyoni alianza kumwamini, na hilo halikumfurahisha, kwa sababu kumwamini kulimaanisha kazi zaidi. Andiko lilitoka kwenye kompyuta ya sebuleni. Nywila yake waliijua wote waliomzunguka Bi Mwiko. Jumatatu ile waliopita sebuleni walikuwa watatu: mumewe, ambaye ni mwalimu mstaafu, mpwa wake anayesimamia matangazo, na wakala wa kampuni ya sufuria aliyekuja na mkataba.

"Hiyo sentensi usimwambie mtu," alisema Inspekta. "Nikopeshe boksi, na kilo moja ya maharage."

Alianza na mpwa, kwa kuwa ndiye aliyelifuta andiko.

"Nililifuta, sikatai," kijana alisema, akijipangusa jasho. "Watangazaji walikuwa wanapiga simu kama wamechanganyikiwa. Nilitaka kumwokoa Shangazi."

"Au kujiokoa. Likitoka andiko, nawe unapata chako."

"Napata, ndiyo. Biashara haigombi."

"Ulilisoma?"

Mpwa alishangaa, kana kwamba ameulizwa kama huwa anasoma karatasi ya kufungia sabuni. "Mimi naangalia tangazo limekaa wapi. Maneno si kazi yangu."

"Haya. Nitayarishie maharage kwenye hiyo sufuria."

Kijana alikuwa amepika katika shule ya bweni kwa miaka miwili kabla ya kugundua matangazo. Akamimina maharage, akamimina maji, akaishia chini ya nusu. Inspekta akamhimiza aongeze. "Nikiongeza, Afande, sote tutahama hapa," alijibu, akarudisha jagi mezani.

Wakala alifika saa tano, viatu vinang'aa, tabasamu limetangulia.

"Wewe ndiye uliyeng'ang'ania litoke Jumatatu," alisema Inspekta. "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Hao wahenga hawakuwa na washindani," alijibu wakala. Alipopewa sufuria hakuhitaji kuombwa mara ya pili. Alisimama kama aliye dukani mbele ya wateja. "Nusu tu kwa kila chenye povu, mabibi na mabwana! Nusu!" Kisha akakumbuka alipo, akashusha sauti. "Kila siku nawaambia hivyo. Sufuria zangu hazina kosa."

"Andiko ulilisoma?"

"Mimi nahesabu wanaolifungua, Afande."

Alipotoka, Inspekta alibaki akiitazama sufuria mezani, maharage yameishia nusu kwa mara ya pili. Watu wawili wanakula kwa blogu hii na hakuna aliyejisumbua kuisoma. Mwandishi aliyeandika lile andiko aliijua sauti ya Bi Mwiko, mizaha yake, hata pumzi yake. Lakini jiko hakulijua.

"Mama," aliuliza, "maandiko yako huwa yanasomwa na nani kabla hayajatoka?"

"Mwalimu. Tangu la kwanza. Haruki hata koma." Bi Mwiko alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamfia usoni. Akakaa.

Mwalimu aliitwa kutoka bustanini. Mpwa alikuwa amesimama mlangoni. Inspekta akamwekea mzee sufuria, maharage na jagi la maji.

"Tayarisha kama ungekuwa unapika, Mwalimu."

Alimimina kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi safi. Maji yalipanda, yakapita nusu, yakafika ukingoni. Akafuta tone lililomwagika, akatafuta mfuniko. Ndipo alipoinua macho, akamwona mkewe amejifunika mdomo.

"Ndivyo ulivyoandika," alisema Inspekta. "Ndivyo fundi alivyofanya. Sufuria haikuwa mbovu."

Mwalimu alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu.

"Zamani ulikuwa unacheka ukiandika," alimwambia mkewe, si Inspekta. "Nilikuwa nakusikia kutoka chumbani. Jumapili nilikukuta unalia mbele ya kompyuta, eti kesho tena. Ukakataa sufuria, na wao wakatishia mkataba. Nikasema wiki hii nikubebee. Miaka tisa nasahihisha maneno yako. Nilidhani nayajua yote."

"Na Jumanne uliposikia?" aliuliza Inspekta.

"Niliamini kosa ni la sufuria. Nikasema kampuni italipa, yatapita. Kisha ukaja wewe, Afande, nikaona haya kusema."

"Haya!" Bi Mwiko alisema. "Mimi ningelala rumande, wewe unaona haya. Miaka ishirini na sita unakula mkononi mwangu, hujawahi hata kufunua sufuria uone kilichomo?"

Mzee alilia bila kuficha uso. Inspekta akamwambia achukue koti lake.

"Nami nichukue," alisema Bi Mwiko.

"Hukuandika, mama."

"Jina ni langu. Yule msichana hamjui Mwalimu. Aliniamini mimi, na mimi imani yake nilikuwa naikodisha kila Jumatatu."

"Hakuna sheria ya hilo."

"Najua hakuna."

Simu ya mpwa iliita. Alisikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Shangazi, ni kampuni. Wanauliza la Jumatatu litakuwa tayari?"

Bi Mwiko hakumtazama. "Yuko wodi gani?" alimuuliza Inspekta.

"Wodi ya majeruhi wa moto, ghorofa ya pili. Huenda akakufukuza."

"Anayo haki. Basi anifukuze nikiwa nimesimama mbele yake," alisema Bi Mwiko, akainama kutafuta viatu vyake.