Alimkata Plasta Ili Tiketi Isipotee

"Nani amekata plasta ya mtoto?!"

Foleni nzima ya kaunta ya ndege iligeuka kunitazama. Mume wangu akanishika kiwiko.

"Mama Kijiko, punguza sauti."

"Sipunguzi! Jana nimemwacha na plasta mpaka gotini. Leo namkuta kavaa viatu viwili. Nani ameikata?"

"Mimi," mume wangu akasema.

"Kwa kutumia nini?"

Akajifanya anafunga zipu ya begi.

"Nakuuliza, kwa kutumia nini?"

"Mkasi wa kukatia maua... na kisu cha mkate. Kidogo tu."

Wenzangu, kisu cha mkate! Kwenye mguu wa binti yangu!

Mimi nasimamia chumba cha kufulia cha hoteli. Siku hiyo niliingia zamu ya asubuhi, nikaomba ruhusa mchana, nikaja uwanja wa ndege na sare yangu ya kazi ili nimuage mwanangu. Tunamwita Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa analala na kijiko mkononi. Alikuwa anakwenda kusoma nje. Wiki chache kabla, aliteleza kwenye ngazi akavunjika mfupa juu kidogo ya kifundo, ndiyo akafungwa plasta.

"Ukija na plasta wanadai barua ya daktari," mume wangu alininong'oneza. "Daktari leo hayupo. Kuahirisha kuna ada. Na ukikosa ndege kabisa, wanafuta tiketi yote. Hata ya kurudi! Unanielewa? Yote!"

"Kwa hiyo ukaona dawa ni kisu cha mkate."

"Mfupa umeshashika. Mwangalie, si anatembea?"

Nikamwangalia. Alikuwa ameegemea begi lake kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Kijasho kwenye mdomo wa juu. Na uwanja mzima ulikuwa na ubaridi!

Nikapiga magoti palepale nikainua pindo la sketi yake.

Mungu wangu...

Kigimbi kilikuwa kimevimba, kimekaza, ngozi inang'aa. Nikakigusa. Moto kama shuka linalotoka kwenye mashine ya pasi. Nikagusa mguu wa pili. Baridi.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Siku ya kufungwa plasta, daktari alituweka chini wote wawili, mimi na baba yake. Akasema, kigimbi kikivimba kikawa cha moto, au pumzi ikawa fupi, msingoje kesho. Leteni mtoto.

"Kijiko, vuta pumzi ndefu."

"Mama... watu wanatuangalia..."

"Wacha waangalie, hawakukuzaa. Vuta pumzi."

Akajaribu. Ikaishia njiani. Akashika kifua, halafu akaondoa mkono haraka, akatabasamu.

Mimi si mwoga, nisiwadanganye. Nimewahi kumfukuza mwizi kwa ufagio. Lakini tabasamu lile lilinitisha kuliko mwizi yule.

"Baba Kijiko, huyu hapandi ndege. Tunakwenda hospitali."

"Atatibiwa hukohuko! Huko ndiko kuna hospitali! Mama Kijiko, mimi haya mambo ya ndege nayajua."

Anayajua! Jamani, ngoja niwaambie anavyoyajua. Mume wangu hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Alikata tiketi mara moja, ujanani, akachelewa, wakamfungia kaunta usoni na hakurudishiwa hata senti. Mtaani mpaka leo wanamwita Rubani. Ndiye mtaalamu wa anga wa ukoo wetu.

"Anayefuata!"

Ilikuwa zamu yetu. Kabla sijafanya lolote, Rubani alishaweka begi kwenye mizani. Akaniinamia sikioni.

"Ukifungua mdomo tu, tiketi imekwenda."

Nikaufungua.

"Dada, huyu binti anaumwa. Hasafiri."

Dada wa kaunta aliinua uso. "Wewe ndiye abiria?"

"Mimi ni mama yake."

"Samahani mama. Abiria ni mtu mzima. Lazima aseme mwenyewe."

Nikageuka. "Sema, mwanangu."

Kijiko alimtazama baba yake. Baba yake akatazama begi.

"Nasafiri," akasema.

Nilihisi kama mtu amenivuta sakafu chini ya miguu. Angepita mlango ule na mimi nisingeruhusiwa kumfuata. Angekaa angani saa nyingi, pembeni kuna mtu asiyemjua, na pumzi ile... Nani angejua? Wangedhani amesinzia!

"Mwanangu, nakuomba."

"Nasafiri... Mama. Nime... shasema."

Dada wa kaunta aliacha kuandika. Akamkazia macho.

"Mdogo wangu, hebu sema tena."

"Nimesema... nasafiri."

"Sauti hii naijua. Leo asubuhi mimi ndiye niliyekuwa napokea simu za abiria. Si wewe uliyenipigia? Ulikuwa unakatizakatiza maneno hivihivi."

Kijiko akainamisha kichwa.

"Uliniuliza, mtu akiumwa kifua anaweza kuahirisha? Nikakujibu, atoe taarifa kabla kaunta haijafungwa, barua ya daktari aitume baadaye, ada tunaiondoa. Ukaniambia sawa, ngoja nimwambie baba."

Mimi ndiye niliyekosa pumzi sasa.

"Kijiko. Ulimwambia baba yako?"

Machozi yakaanza kumtoka. "Nilimwambia."

"Ulimwambia kifua kinauma?"

"Nilimwambia."

Niliinua uso polepole. Plasta ningeweza kumsamehe, ule ni ujinga. Lakini hili alikuwa analijua!

"Nilidhani ni woga wa kupanda ndege tu!" baba yake alisema kwa haraka. "Na hao watu wa ndege, maneno yao ndiyo hayohayo! Mimi waliniambia toa taarifa, tutakusaidia. Nikatoa. Walinisaidia nini? Nilirudi nyumbani kwa miguu nimebeba sanduku kichwani!"

"Baba Kijiko, mtazame mtoto."

"Mimi nasema tu—"

"Acha kusema! Mtazame!"

Akamtazama. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Midomo ya binti yetu ilikuwa imeanza kubadilika rangi, kama mtu aliyekula zambarau.

Rubani akarudi hatua moja nyuma.

"Kaunta inafungwa sasa hivi," dada alisema taratibu. "Mkiondoka kimya, mfumo unamhesabu amekosa ndege, na ya kurudi inajifuta. Akisema mwenyewe hapa, naahirisha. Mdogo wangu, usimwangalie baba. Niangalie mimi."

"Sisafiri," Kijiko akasema. Halafu akakaa chini sakafuni kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Nililivuta begi kwenye mizani kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamshika yeye. Dada alishaita kiti cha magurudumu.

Kwenye gari la wagonjwa aliniuliza, "Mama, nakufa?"

"Huna ruhusa," nikamjibu. Nikamfuta kijasho kwa mkono wa sare yangu.

Daktari alitoka baada ya muda ambao sitaki hata kuukumbuka. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kilishakatika kikafika kwenye pafu. Wameanza dawa. Wamemuwahi. Nikauliza, na angepanda ndege? Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mzazi mwenzangu unayesoma, kabla hujamsukuma mtoto apande kwa kuogopa ada, piga simu uulize. Kila shirika lina masharti yake. Kama hasafiri, sema mapema, kabla kaunta haijafungwa, usiondoke kimyakimya. Na mtoto akikuambia kifua kinamuuma, usianze kuhesabu tiketi.

Sasa mnauliza, Rubani je?

Alikuwa amesimama kwenye korido, ameshika kiatu kimoja cha Kijiko. Simu yangu ikaita. Alikuwa yule dada wa kaunta, niliyemwachia namba yangu.

"Mama, anaendeleaje?... Tumshukuru Mungu. Nimemshikia nafasi ya wiki ijayo, bila ada. Akishindwa hiyo, itabidi tufute, na sehemu kubwa ya hela hairudi. Niiache hiyo nafasi, au nifute?"

Daktari alishasema asipande ndege miezi mitatu. Nikamgeukia mume wangu, nimekaza taya, niko tayari kupigana palepale mbele ya manesi.

Akanyoosha mkono. Akachukua simu.

"Dada, ni mimi baba yake. Yule wa kule kaunta."

Sauti ilikuwa imekauka.

"Futa."

Akasikiliza.

"Hapana, na ya kurudi pia. Yote. Futa nikiwa nakusikia."

Akangoja. Kwenye simu nikasikia vitufe vikibonyezwa.

"Ahsante," akasema. Akanirudishia simu yangu, akasukuma mlango wa wodi, akaingia kumwomba mtoto msamaha.