Wapangaji wa Bomba

Waligongana mlangoni mwa soko, saa ile ambayo hata sindano haipiti. Binti alibeba kreti ya mtindi, kijana alibeba kisanduku cha sampuli, na chupa moja ikamwagika yote kwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri.

"Pole, kaka yangu."

"Usijali. Vijidudu vya mtindi ni marafiki zangu, nafanya kazi maabara."

Bi Mtindi, kama wateja walivyomwita, alicheka hadi kilemba chake cha manjano kikalegea.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda shangazi yake akawa anaijua sauti ya kijana kwenye simu. Naye binti akamweleza linalomkosesha usingizi: ndani ya bomba la maziwa la karakana yake ya mtindi mlikuwa na utando, ute mwembamba wa vijidudu vya ugonjwa ambao sabuni haiupenyi. Mkaguzi alikuwa ameshatoa onyo. Akiukuta tena, anaifunga karakana aliyoachiwa na marehemu mama yake.

"Tutawaletea wapangaji wakorofi kuliko wao," kijana alisema. Wakalisugua bomba, kisha akapitisha maji yenye bakteria wazuri, jamaa za wale wa mtindi, ili wakamate nafasi na kuwanyima wabaya pa kukaa. "Waache humo, mpenzi."

Lakini Bi Mtindi alilelewa na mama asiyevumilia hata doa. Kijana alipoondoka tu, akamwaga dawa kali ya kuua vijidudu, akasuuza, roho ikatulia. Vipimo vya maabara vikarudi vibaya kuliko mwanzo.

"Umenifanyia majaribio kama panya," binti akamwambia kwenye simu.

"Mpenzi, uliligusa bomba?"

"Nililiosha. Ulidhani mimi mchafu?"

Akakata, na simu zilizofuata hakupokea. Shangazi aliyekuwa akimenya viazi akatua kisu.

"Umewaua wageni wa mwenzio, halafu unamlaumu hawakufanya kazi. Hasira hasara, mwanangu. Mpigie."

Alipiga. "Nisamehe. Niliwaua wote."

"Kosa langu pia. Nilikuambia uwaache, sikukuambia kwa nini: dawa huwaua wazuri, wabaya waliojificha kwenye ute wakapata nafasi yote. Nakuja."

Wakaanza upya. Safari hii Bi Mtindi alipita mbali na bomba, mikono ikimuwasha kwa hamu ya kusugua. Mkaguzi alikuja, akapitisha pamba bombani kuchukua sampuli, akaondoka nayo. Majibu yalipotoka, kijana ndiye aliyempigia.

"Safi. Wale wabaya hawaonekani."

Bi Mtindi akakaa sakafuni na aproni yake, akalia kwa raha, mzigo umemtoka kifuani.

"Unalia nini sasa?"

"Niache nilie. Karakana ya mama imebaki."

"Basi Jumamosi nakuja na wazee wangu kwa shangazi. Utatupokea?"

Akajifuta machozi.

"Njooni asubuhi. Mchana nina wateja, na nataka nikusikilize vizuri ukiniomba."