Niligeuza Utafiti wa Mama Kuwa Moshi wa Disko

Nilimwaga mtungi wa mama yangu kwenye beseni la kufulia ili disko letu lipate moshi. Ndiyo, mimi. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Arusha, na darasani mimi ndiye ninayewachekesha hata walimu. Leo sichekeshi...

Mama ni mtafiti wa vimelea, vile vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoletwa na kupe na kuua ndama kwa ndigana kali. Miaka minne amepanda vijiji vya Mlima Meru akitoa damu ya ng'ombe mmoja mmoja, huku wazee wakimtania, "Mama, damu yote hiyo unaipeleka wapi, kanisani?" Alitaka kusoma vinasaba vya vidudu hivyo, ajue kwa nini chanjo inakubali kijiji hiki na kugoma kijiji cha pili.

Sampuli zake bora alizigandisha ndani ya mtungi wenye gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ileile ya kutunzia mbegu za madume ya ng'ombe. Humo vimelea hulala vikiwa hai. Gesi ikiisha, vinakufa. Jumatatu alfajiri gari lingempitia nyumbani, Kijenge, limpeleke Nairobi kwenye mashine ambazo sisi hatuna. Kwa hiyo Ijumaa alikuja na mtungi nyumbani.

"Usiuguse," aliniambia. "Hata kwa mzaha. Wewe hasa kwa mzaha."

Jumamosi tulikuwa na disko la mchana. Siku hizi kila kitu ruksa: raba za mitumba, kaseti, video za Wamarekani wanaocheza ndani ya moshi. Rafiki yangu Goodluck akaniuliza, "Oya, sisi moshi tutatoa wapi, tuchome majani ya migomba?" Mama alikuwa msibani Elerai. Nikajigamba kwamba kwetu moshi tunao ndani ya chupa...

Tukaubeba mtungi kwa toroli mpaka kwenye disko, tukaumwaga ndani ya beseni lenye maji ya moto. Moshi mweupe ukafunika sakafu nzima, wasichana wakapiga kelele, nikaitwa profesa. Dakika tano tu! Moshi ukaisha, vichupa vya mama vikabaki mtungini, vikavu.

Sasa sikieni ujinga wa pili. Mama ana desturi ya kuunyanyua mtungi kidogo kila asubuhi, kama apimaye mtoto kliniki, ajue gesi imebaki kiasi gani. Nikanunua barafu baa ya jirani, nikaijaza humo. Jumapili akaunyanyua, akaridhika, akaenda kanisani. Mimi nikacheka peke yangu jikoni.

Nairobi wakaufungua mbele ya wanasayansi wenzake. Maji ya barafu! Lebo zimebanduka, damu imeharibika. Zamu yake ya mashine akapewa mtu mwingine.

Aliporudi hakunishuku. Alimshuku Mzee Loti, mhudumu wa maabara aliyejaza mtungi Ijumaa ile. Akaamini mzee ameuza gesi kwa wapandishaji ng'ombe wa mitaani, akaweka barafu. Akamwita mwizi mbele ya ofisi nzima. Mzee alijibu tu, "Mama, mimi nilijaza." Akasimamishwa kazi.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa mezani, nakula ndizi nyama huku mama akisimulia hayo, kimya. Siku tisa...

Siku ya kumi Mzee Loti akaja nyumbani, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Masomo yanaendeleaje?" Mama alikataa kutoka chumbani. Mzee akasubiri kidogo, akanishukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka. Akanishukuru mimi!

Wenzangu mnaopenda masihara kama mimi, nawasihi. Kabla hujachezea kitu cha mtu, jiulize kimekula miaka yake mingapi. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo. Kumwaga gesi ulikuwa utoto. Kunyamaza wakati mtu mzima anabeba kosa langu, hilo sijui niliite nini, na mpaka leo naona aibu kupita mbele ya maabara ile.

Mzee alipotoka tu, niliingia chumbani kwa mama nikasema yote, disko, toroli, barafu. Nilitegemea fimbo. Aliinuka kitandani, akajifunga kitenge. Kisha akasema:

"Damu nitaitoa tena, ng'ombe wapo. Lakini Mzee Loti nimemwita mwizi, na wewe ukanisikia. Vaa viatu. Hajafika mbali."