Chafya Iliyokosekana

Sinyati alifungua fundo la kanga, na badala ya albamu akakuta atlasi.

Aliikodolea macho kama mtu aliyefunua sufuria ya pilau akakuta mkaa. Atlasi yenyewe ilikuwa mali yake, jalada jeusi, ramani ya Afrika imetafunwa na panya. Kwa miezi ilikuwa imelala rafu ya chini katika duka lake la vitabu vya mtumba, pale Kaloleni, nyuma ya uwanja wa mpira. Sasa imevishwa kanga, imefungwa fundo, imelazwa mezani katikati ya albamu nyingine mbili kana kwamba ndipo ilipozaliwa.

"Mimi?" alisema kwa sauti, ingawa dukani hapakuwa na mtu. "Mimi, Sinyati, niibiwe? Tena mchana kweupe?"

Ilikuwa Alhamisi, saa sita kasoro. Albamu iliyopotea ilikuwa ya Bibi Evaresta, mjane wa Philemoni, mpiga picha aliyekuwa na studio hapo hapo Kaloleni miaka ya sabini. Philemoni aliiweka kaunta kama sampuli: kila mteja aliyetoka vizuri, nakala moja ya picha yake ilibandikwa humo. Jumapili iliyopita lilisomwa tangazo kanisani kwamba Jumamosi albamu ingeoneshwa kwenye ukumbi wa usharika, watu waje wawatambue wazazi wao. Na Bibi Evaresta, alipomkabidhi Sinyati albamu aisafishe kwa siku hiyo, alikuwa ametamka bila kupepesa:

"Ikirudi salama, mjukuu wangu, sanduku zima la picha za Philemoni ni lako, ulitunze. Isiporudi, zilizobaki nitazikwa nazo."

Sinyati alikuwa na miaka saba anakusanya albamu za zamani. Wenzake walikusanya viatu. Kwa sanduku lile angetembea peku mpaka kileleni Meru, akaimba wakati wa kushuka.

Alikaa kwenye kigoda akaanza kuwaza.

Fundo lenyewe lilimwambia neno la kwanza. Yeye hufunga mafundo mawili, daima. Mabunda yote matatu mezani yalikuwa na fundo moja moja. Kwa hiyo mwizi aliyafungua yote. Ilimbidi: albamu zote zilikuwa za jalada jeusi lisilo na jina, kanga zote za rangi moja. Bila kupekua ndani usingejua ipi ni ipi. Neno la pili lilimshangaza zaidi. Mwizi aliiacha albamu ya kadi za posta za enzi ya Wajerumani, yenye thamani ya ng'ombe mwenye mimba, akachukua picha za wauza maziwa na makarani waliojipaka mafuta.

Nani aliingia? Saa nne asubuhi watu watatu walikuwa dukani, wote wateja wa siku nyingi, na kwa sababu ya ukarimu wake uliomponza, Sinyati aliingia nyuma ya pazia kuwachemshia chai. Wa kwanza alikuwa Ebenezer, muuza vitabu wa soko la Kwa Mrombo, mshindani wake, aliyekwisha kuomba mara mbili auziwe albamu ile. Wa pili Hans, fundi wa kupamba hoteli, aliyetafuta picha za kale za kutundika ukutani huko Momela. Wa tatu Mzee Tajeu wa Ngaramtoni, mzee wa kanisa, mpenzi wa vitabu vya nyimbo vilivyochakaa, ambaye hakosi kikopo chake cha bati mfukoni. Dawa ya mafua, husema.

Kila mmoja alibaki peke yake kidogo. Hans alitoka mlangoni kupokea simu, Ebenezer akavuka barabara kununua vocha, Mzee Tajeu akaenda kumsalimia fundi cherehani wa jirani. Na kila mmoja alikuwa na pa kuficha: Hans begi la kompyuta, Ebenezer kiroba, mzee koti lake refu la mvua. Kutoka nyuma ya pazia Sinyati alisikia Ebenezer akicheka, Hans akibishana na simu, mzee akiimba chinichini wimbo wa kanisani. Hakusikia kitu kingine.

Hakusikia kitu kingine!

Sinyati aliruka kutoka kwenye kigoda. Akaifunga albamu ya Wajerumani ndani ya kanga yake, mafundo mawili, akafunga duka.

*

Soko la Kwa Mrombo lilikuwa limechangamka. Ebenezer alikuwa amesimama nyuma ya rundo la vitabu vya shule, akimshawishi mama mmoja kwamba kitabu kisicho na kurasa za mwanzo ni kizuri zaidi, maana unaingia moja kwa moja kwenye utamu.

"Dada Sinyati! Umekuja kununua vitabu vizuri?"

"Nimekuja kuona vibovu vinauzwaje. Ebenezer, albamu ya Philemoni iko wapi?"

"Iko kwako. Imekaa huko kama bibi harusi, mimi nimenyimwa hata kuigusa."

"Imeibwa."

Tabasamu lilimtoka Ebenezer. "Na umekuja kwangu kwanza."

"Ulikuja dukani na kiroba."

"Basi kipekue!" Alikibwaga miguuni pake, akakipindua. Zikamwagika riwaya za mapenzi, kitabu cha mapishi na soksi moja. "Haya, askari! Kamata hiyo soksi! Mimi napora wateja wako, sikatai, lakini wizi hapana. Tena kwa mjane?"

"Usipandishe hasira. Nitazamie hii, uniambie kama kuna kadi imechomolewa."

Ebenezer alifungua albamu ya Wajerumani, bado amenuna. Aligeuza ukurasa mmoja. Akafumba macho, akainua kichwa mbinguni, na chafya ikamtoka iliyowafanya kuku watatu wa jirani watawanyike. Ikafuata ya pili. Ikafuata ya tatu.

"Umeweka nini humu? Pilipili?"

"Pole, kaka," Sinyati alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Wewe si mwizi."

"Nani alisema mimi ni mwizi?"

"Mimi. Na sasa nimefuta."

*

Ijumaa asubuhi alimkuta Hans huko Momela, juu ya ngazi katika ukumbi wa hoteli, msumari mdomoni. Mezani chini yake kulikuwa na kitu kimezungushiwa magazeti, kipana na kinene vilevile kama albamu ya Philemoni.

"Hans, hiki nini?"

"Usiguse hicho! Sinyati, nakuomba, usi..."

Alikuwa ameshachana gazeti. Ndani akauona uso wake mwenyewe, umekasirika, umetoa macho. Kilikuwa kioo.

"Cha choo cha wageni," Hans alisema taratibu. "Umeridhika? Kuna nini?"

Alipoelezwa, Hans alikunja uso. "Jana nilikuomba nikodishe picha tano tu. Ukaniambia kuta za hoteli zivae nguo zao zenyewe. Sikukasirika, nilicheka. Mtu akitaka kuiba, haombi kwanza mbele ya watu."

"Labda. Shika hii, itazame."

Aliifungulia pale pale juu ya ngazi. Sekunde chache zikapita. Kisha ngazi ikatikisika, Hans akakumbatia ukuta, machozi yakimtiririka, akipiga chafya kama gari lililokataa kuwaka asubuhi ya baridi.

"Flamingo wote ziwani wameshahama," Sinyati alisema, akimshikia ngazi. "Asante, Hans. Nimebakiwa na mmoja."

*

Alasiri aliingia nyumbani kwa Mzee Tajeu, Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima. Aliinamisha kichwa kwa heshima, mzee akakigusa utosini kwa kiganja.

"Shikamoo, yeyo, mama yangu," alimwambia mke wa mzee, Mama Joyce.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai ya maziwa inakuja, na hutakataa."

Ukutani, juu kabisa, palitundikwa picha moja kubwa: kijana mwembamba amekalia pikipiki, amevaa miwani ya jua. Sinyati aliijua hadithi yake kama kila mtu. Hakuna harusi Ngaramtoni ambayo Mzee Tajeu hakuisimulia: jinsi alivyokuwa kijana wa kwanza eneo lile kununua pikipiki, jinsi alivyoiendesha hadi Momela na kurudi bila kushusha mguu, na jinsi baba yake Mama Joyce, alipoiona picha, alivyosema huyu ndiye mkwe.

"Babu, nina albamu hapa. Nisaidie kuitazama."

Mzee aliipokea. Akageuza ukurasa, wa pili, wa tatu, ameusogeza karibu na uso kwa sababu ya macho. Akageuza mpaka mwisho. Utulivu mtupu. Kisha, bila kufikiri, akapangusa vumbi kwenye ukingo wa jalada kwa kidole, akapeleka kidole puani.

"Hii imesagwa vizuri," alisema. "Umeitoa wapi?"

Mama Joyce alikuwa anaingia na birika la chai.

"Imesagwa?" Mama Joyce aliweka birika chini. "Tajeu. Kumbe ile dawa ya mafua ni ugoro? Si uliuacha mbele ya mchungaji?"

"Yeyo, hilo mtamalizana," Sinyati alisema. "Babu, Alhamisi alfajiri nilinyunyiza unga wa tumbaku kwenye albamu zote tatu. Ni dawa ya koko, bibi yangu, ya wadudu wanaokula karatasi. Nilipiga chafya mpaka fundi cherehani akagonga ukuta kunipa pole. Ebenezer amepiga. Hans nusura aanguke. Lakini saa nne ile nilikuwa hatua chache tu, nyuma ya pazia, na mtu alizifungua zote tatu, akapekua, na sikusikia hata chafya moja. Pua ya namna hiyo dukani kwangu ilikuwa moja tu. Nirudishie albamu ya Bibi Evaresta."

Mzee Tajeu alitazama ukuta. Alitazama sakafu. Kisha akatoka, akaenda ghalani, akarudi na albamu imekumbatiwa kifuani, ina unga wa mahindi kidogo kwenye jalada.

"Sikutaka kuiharibu," alisema. "Ningeirudisha Jumatatu, baada ya watu kuondoka. Niliposikia tangazo lile, wimbo wa mwisho sikuuimba. Fungua, uone mwenyewe."

Sinyati alibana pua, akafungua. Kijana juu ya pikipiki. Karani juu ya pikipiki. Mpishi, mwalimu, mapacha wawili wenye tai moja, wote juu ya pikipiki ile ile, taa ile ile yenye ufa, miwani ile ile ya jua. Na katika kila picha, chini ya tangi, pameninginizwa kitambaa cheupe.

"Kitambaa hiki kinaficha nini, babu?"

"Injini," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Yaani pasipokuwa na injini. Philemoni aliinunua kama chuma chakavu. Sikuwahi kuwa na pikipiki, mwanangu. Nilikwenda Momela kwa miguu. Kesho wakwe zangu wote, wajukuu, usharika mzima, wangeona."

Mama Joyce alipiga chafya moja, akajifuta pua. Alivuta albamu magotini pake, akageuza kurasa kwa haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Akasimamisha kidole.

"Ulitazama mpaka wapi, baba?"

"Mpaka nilipojiona. Nikafunga."

"Ungegeuza ukurasa mmoja."

Pale, juu ya pikipiki isiyo na injini, amekaa msichana wa gauni la maua, kidevu juu, miwani ya jua imempwaya.

"Ni wewe," mzee alisema.

"Ni mimi, wiki mbili kabla picha yako haijaletwa kwetu. Baba alisema, tazama pikipiki ya kijana huyu! Nami nilikuwa nimekalia kiti kile kile, nimechomwa na waya ule ule. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikasema, anayedanganya kwa uso mtulivu hivi, nyumbani kwake sitakosa kicheko. Na sijakosa. Ila ugoro, Tajeu, tutauzungumza leo."

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walipiga kelele kila walipomwona baba au shangazi, na pua zilipiga chafya mfululizo kama kwaya. Mzee Tajeu aliomba kipaza sauti, akasimulia upya hadithi ya pikipiki, safari hii yote. Wakwe zake walicheka mpaka wakashikiliana.

Bibi Evaresta alimwekea Sinyati ufunguo wa sanduku mkononi, akaufumba mkono huo kwa vidole vyake. "Na kuna kitu kingine Philemoni alikiacha stoo," alisema. "Hakikuingia sandukuni."

Vijana wanne wakakibeba ndani: kutu tupu, taa yenye ufa, tundu kubwa chini ya tangi. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mzee Tajeu alipanda mbele. Mama Joyce akakusanya gauni lake, akakaa nyuma, akamshika kiunoni.

Sinyati aliinua kamera.

"Shika vizuri, mama," mzee alisema. "Tunakwenda Momela."

"Twende," Mama Joyce akajibu. "Ila usiendeshe kasi."