Kiendelezi Kilichosoma Majibu ya Hospitali

Bi Ok Mi-ran alikuwa jikoni akimpikia mumewe uji wa mchele. Siku hizi Jong-tae hakuweza kula kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili. Ilimchoma tumbo.

Majirani zao mjini Mokpo, Korea, walijua ana vidonda vya tumbo. Ukweli waliujua yeye na mkewe tu. Ilikuwa saratani. Daktari alisema imegunduliwa mapema, atampasua na kuiondoa. Jong-tae alitaka kumwambia mama yake mwenyewe, baada ya sherehe ya mama huyo ya kutimiza miaka sabini.

"Baba alikufa kwa ugonjwa huu huu," alimwambia Mi-ran. "Mama niachie mimi."

Simu ya nyumbani ikalia. Mama mkwe, bibi aliyeishi nao, akapokea.

"Nani? Uvimbe gani? Mwanangu yupi?" Kisha akaketi sakafuni.

Aliyepiga alikuwa muuza dawa za mitishamba. Alijua jina la Jong-tae. Alijua mpaka siku ya upasuaji.

"Mi-ran," bibi alisema, "mtu baki anajua, mimi mama yake sijui?"

Mi-ran alitoka mbio hadi kwa jirani yake, Geum Hye-suk, anayefundisha kompyuta kwenye maktaba ya mtaa.

"Dada, hospitali imetuuza! Muuza dawa anajua majibu ya Jong-tae!"

"Tulia, Mama Sol-bi. Majibu uliyafunguaje?"

"Kwenye kompyuta. Faili lilikataa. Nikapata kiendelezi cha kulifungua. Cha bure, na nyota kibao!"

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, ile programu tunayotumia kufungua tovuti. Hye-suk alifuatana naye nyumbani, akaiwasha kompyuta. Bibi naye alisogea, macho mekundu.

"Someni hapa," alisema Hye-suk. "Kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako zote, kwenye tovuti zote. Uliona?"

"Nilibonyeza 'Kubali'. Nani anasoma hayo?"

"Ndiyo maana wanatuweza. Kazi yake ni kufungua faili. Ukurasa wako wa hospitali unakihusu nini? Ukimwita fundi bomba, utampa na ufunguo wa kabati la nguo?"

Alifungua masharti yao. Mbali kule chini, kwa herufi ndogo, yalisema: taarifa zako tunaweza kuwapa washirika wetu.

"Washirika!" Mi-ran alipiga meza. "Mume wangu ni mgonjwa, wao wanafanya biashara!"

"Siwezi kuapa kwamba ni hawa," alisema Hye-suk. "Lakini ruhusa walikuwa nayo, na uliwapa wewe bila kuambiwa waziwazi. Huo ni uhuni."

"Sasa faili ningelifungua na nini?"

"Na kivinjari chenyewe. Faili lilifungwa kwa nenosiri tu. Ni tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa, imeandikwa hapa; hata kiendelezi kilikuomba hiyo hiyo."

Mi-ran alijishika kichwa. "Yaani sikuhitaji kitu chochote?"

"Hukuhitaji."

"Na matangazo ya shule ya Sol-bi? Yale kivinjari hakiyafungui kabisa."

Hye-suk akamwonyesha viendelezi viwili. Cha kwanza kilikuwa na rangi za kupendeza, lakini kilitaka kuona tovuti zote, na mwenye kukitengeneza hajulikani. Cha pili kilikuwa na sura ya kizamani. Kilifanya kazi pale tu unapokibonyeza, na kwenye ukurasa huo peke yake. Masharti yake yalikuwa mafupi: faili halitoki kwenye kompyuta yako.

"Kizuri kimevaa vibaya," alisema bibi.

"Umeona, Mama. Nyota zinanunuliwa. Angalia kinaomba nini, nani amekitengeneza, na faili lako linapelekwa wapi."

Mi-ran alikiondoa kiendelezi kibaya. Baada ya hapo alibadilisha nenosiri la hospitali, la benki na la barua pepe. Kisha akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu. Aliandika kwa hasira, lakini hakuacha jambo.

Jong-tae aliporudi, alipiga magoti mbele ya mama yake. Wakalia pamoja.

Upasuaji ulikwenda salama. Mi-ran aliarifiwa kwamba watu wengine pia wamelalamika, na kile kiendelezi kimeondolewa mtandaoni.

Hye-suk alimwomba Mi-ran aeleze kisa chake kwa darasa lake la maktabani. Mi-ran alianza, akashikwa na kilio. Bibi akasimama badala yake.

"Habari ile ilikuwa ya mwanangu," alisema. "Alikuwa anajipanga kuniambia, anishike mkono. Wakamnyang'anya, wakaja kuniuzia majani. Fungueni kompyuta zenu hizo. Sasa hivi!"

Wote wakafungua. Mwenyekiti wa mtaa alikutwa na viendelezi asivyovikumbuka hata jina. Akaanza kuvifuta kimoja kimoja, huku bibi amesimama nyuma yake akikagua.